Siku Tuliyomshusha Bwana Sharubu

Juzi kwenye harusi ya mjukuu wa Bi Salma, hapahapa mtaani Balsall Heath, kijana mmoja alikaa ubavuni mwangu na sahani ya biriani iliyomfika kidevuni. Kijana mzuri, ana adabu, Kiswahili anakielewa, ila ulimi wake umezaliwa Birmingham. Akaniuliza, "Bibi Zuwena, mama anasema ulikuwa una-work museum. Ulikuwa unafanya nini? Kufunga maboksi tu?"

Kufunga maboksi tu! Nilimtazama mpaka akaweka kijiko chini. Kisha nikamhurumia, maana hata mume wangu Seif kwa miaka alikuwa akiwaambia wenzake msikitini kwamba mkewe yuko "upande wa usafirishaji", nao wakadhani nasafirisha makontena kwenda Zanzibar. Mpaka leo kuna mzee mmoja hanisalimii vizuri kwa sababu sikumpelekea friji yake.

Sasa nawaandikia nyinyi nyote, wajukuu wa damu na wa mtaani, mjue. Nimefunga vitu vya makumbusho mpaka magoti yaliponiambia inatosha. Nimefunga vyungu, mapanga, saa, masanamu yasiyo na pua, na pweza mmoja ndani ya chupa ambaye nikimkumbuka sili tena pweza wa nazi. Kazi yenyewe ni hii: kitu cha thamani kinatolewa ukutani kwa watu, kinaingia kwenye sanduku la mbao, kinavuka nchi, kinatundikwa ukuta mwingine, na hakitakiwi kujua kwamba kimesafiri. Ukiifanya vizuri hakuna anayekuona. Ukiifanya vibaya unatokea gazetini.

Chukueni na haya, nawapa bure. Jagi usilishike mkono wake, ule mkono uligundishwa na fundi aliyekuwa na haraka. Kiti usikiinue kwa mgongo. Ile plastiki yenye mapovu mnayopenda kuipasua isiguse rangi ya picha, itaiachia madoa kama ya tetekuwanga. Kabla ya kubeba chochote, tembea njia nzima mikono mitupu, fungua milango yote, na mwondoe yule mtu anayependa kusimama mlangoni, maana kila jengo linaye. Na kitu kikifika kutoka safari usikifungue siku hiyohiyo. Kiache ndani ya sanduku lake kizoee hewa ya nyumba. Hata mgeni humpokei kwa maswali, unampa maji kwanza.

Na pete! Vueni pete, saa, bangili, na mkanda wenye chuma. Mimi bangili zangu za harusi ziligoma kutoka tangu nilipojifungua mtoto wa pili, kwa hiyo kila asubuhi nilizifunga bendeji. Wageni wakija stoo walinipa pole.

Msidhani nilizaliwa najua. Nilianza kwa kufagia kumbi, kisha wakanihamishia stoo kwa sababu walikosa mtu. Wiki yangu ya kwanza nilitoka kwenye harusi, mikono imepakwa hina mpaka karibu na viwiko. Enzi hizo tulivaa glavu nyeupe za pamba. Siku hizi wanavaa zile za mpira za bluu, kama wanakwenda kuzalisha. Stoo ilikuwa na joto, mimi natoka jasho la woga, nimeshika bakuli la shaba la zamani sana. Mara yule mama mtaalamu wa vyombo, mwenye miwani ya mnyororo, akapiga ukelele. Bakuli linatoa kutu! Glavu zangu zilikuwa zimegeuka rangi ya machungwa.

Loh! Lile bakuli liliwekwa peke yake kwenye chumba, likamulikwa tochi, watu wakaitwa. Mimi nimesimama pale, najua ni mimi, na kazi naiona inaniaga. Akaingia mzee mmoja mrefu, mweusi, amefunga tai ndani ya aproni. Akanishika mkono, akainusa glavu, akasema kwa upole, "Sista, bakuli hili linanuka harusi." Kisha akamgeukia yule mama, akamwambia majirani zake wa mtaa wa Handsworth ni Wahindi, wanaoza kila Jumamosi, na hina anaijua kuliko anavyoijua dawa ya meno.

Huyo ndiye Mzee Wilfred, Mjamaika, mkuu wetu wa wafungaji. Kuanzia siku ile alinifundisha kila kitu. Alikuwa na peremende mfuko wa kulia na tambara safi mfuko wa kushoto, na akifanya kazi aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mmoja anasema, wengine wanabeba. Mkishika kitu kizito wanne, sauti ni moja tu. Mwingine akifungua mdomo, hata kukohoa, Mzee Wilfred alimtoa nje akakohoe na hewa safi.

Shida ilikuwa lugha. Sote tulisema Kiingereza, ila kila mtu na chake. Yeye alikuwa na cha Jamaika, kijana wa lifti alikuwa na cha Birmingham kisichofungua meno, mwingine cha Punjab, na mimi changu kinachonukia karafuu. Siku moja tunabeba kabati, mimi nimelemewa, nikasahau nilipo. Nikasema kwa Kiswahili, "Haya, polepole, polepole... simama... basi!" Kabati likakaa sakafuni bila mlio. Mzee Wilfred akatoa peremende, akafikiri. Akaniambia maneno hayo mazuri, ni mafupi, na hapa ndani hakuna mtu anayeyatumia kwa umbea. Tokea hapo stoo yetu ikawa inabeba kwa Kiswahili. Haya, mnanyanyua. Polepole, mnakwenda. Simama, kila mtu anaganda alipo. Basi, mnaweka chini.

Jambo jingine la kumjua Mzee Wilfred ni kwamba katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuangusha kitu. Hakujisifu. Alilitaja kama mtu anavyotaja anakotoka. "Mimi ni wa Handsworth, nina mke anaitwa Pearl, na sijaangusha kitu." Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na alitaka kuondoka hivyohivyo. Hilo tu. Hakutaka karamu wala saa ya ukutani.

Mkono wake ukaanza kutetemeka.

Niliuona kwenye chai. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani chake, kidogo tu, ti ti ti. Akakishika kwa mikono miwili na kunitazama, na mimi nikatazama dirisha. Kesho yake tena. Ndipo ikaja habari ya Polandi: makumbusho yetu yanaazima picha kutoka kasri moja la kule, na sisi ndio twende tukaifunge na kuileta. Ilikuwa safari ya mwisho ya Mzee Wilfred.

Hapo nilipata taabu moyoni, wanangu. Picha ni ya watu, si ya kuchezea. Ningemwambia bosi, wangempeleka mtu mwingine, na mzee angemalizia kazi yake akibandika lebo. Ningenyamaza, na kitu kikaanguka, ningelala vipi? Nikamfuata nyuma ya rafu. Nikamwambia waziwazi, "Mzee, nimeuona mkono wako."

Akakaa kwenye sanduku. "Nilijua umeuona. Unatazama dirisha vibaya sana."

"Unabeba vipi?"

"Mkono bado unabeba. Unatetemeka kwenye chai, kwenye mzigo unatulia." Akatoa peremende, akanipa. "Sista, nakuahidi. Siku mkono ukikataa, nitasema mwenyewe. Mbele ya yeyote. Hutalazimika kunisemea."

Nikakubali, kwa sababu mzee yule hakuwahi kuniambia uongo, hata kuhusu upishi wangu.

Nyumbani nako kulikuwa na kesi. Seif akaniuliza, "Yaani unapanda lori na wanaume wawili, mnakwenda kumfuata mwanamume wa tatu?" Nikamwambia wa kwanza ni mzee wa kanisa, wa pili ni dereva, na wa tatu alishakufa zamani na ana sharubu hadi masikioni. Akaomba aione picha yake. Nikampa. Akaitazama, akasema, "Nenda. Huyu hakushindi."

Dereva alikuwa Darek, Mpolandi aliyehamia Birmingham miaka ile walipokuja wengi, mara maduka yakajaa matango ya chupa. Kijana mcheshi, alikuwa mkalimani wetu pia. Tulisafiri watu watatu kiti cha mbele, mzee akiimba, Darek akiitikia nyimbo asizozijua, na mimi katikati na chupa yangu ya chai ya tangawizi, nimevaa makoti yangu yote.

Kasri lenyewe, mashallah. Kuta nyeupe, mnara, uwanja wa mawe katikati, na mtaro mkubwa umelizunguka ambao siku hizi una bata. Darek alitupa historia yake. Lilijengwa na mabwana wenye mali, wakalipigania, wakaliuza, likaungua wakati wa vita, likawa ghala la viazi, na mwishowe wakalifufua liwe makumbusho ya sanaa na historia. Mimi nikacheka. Nikamwambia hata kwetu Unguja nyumba za wafalme ndivyo zinavyoishia, watoto wa shule wanaingia wakiwa na soda.

Picha ilikuwa ghorofani, kwenye ukumbi mkubwa. Bwana mwenyewe alikuwa mnene, amesimama, kashika upanga kiunoni, sharubu zimenyongwa juu, na mkanda mpana wa hariri yenye maua ya dhahabu umemzunguka tumbo. Nikatazama ule mkanda, nikasema, huyu mtu ukimvua kofia ukampa kilemba, anakwenda msikitini Ijumaa. Tukamwita Bwana Sharubu tangu hapo.

Ila kabla ya kumfikia Bwana Sharubu palikuwa na Pani Jadwiga. Pani maana yake kwao ni Bibi, na hakika alikuwa Bibi. Mama aliyepita makamo, nywele zimefungwa nyuma, ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa ukumbi. Kazi yake ilikuwa kulinda chumba, na alikilinda kama chake. Mbele yake palikuwa na kapu kubwa la makubadhi ya kitambaa kizito, ya kuvalia juu ya viatu, yenye kamba. Huko kwao kila anayeingia kwenye sakafu ile anavaa makubadhi hayo na kuteleza nayo ili asiikwaruze. Wageni wanatembea kama wanapiga deki.

Akatunyooshea kidole, kisha akalinyooshea kapu.

Mzee Wilfred akavaa jozi moja, akapiga hatua mbili, akashika ukuta. Ile sakafu ya vipande vya mbao ilikuwa imesuguliwa nta mpaka unajiona meno. Akayavua. Akamwambia Darek, "Mwambie Mama kwa heshima, siwezi kubeba sanduku nikiwa juu ya sabuni."

Darek akasema. Pani Jadwiga akajibu neno moja, na halikuhitaji mkalimani.

Wakaanza kubishana, yeye kwa Kipolandi, mzee kwa Kiingereza, Darek katikati anatoka jasho. Hapa kila mtu alikuwa na haki yake, sikilizeni. Viatu vyetu vya kazi vina chuma puani; vingeichana ile sakafu. Makubadhi yangetuangusha, na Bwana Sharubu juu yetu. Mimi nikasimama kidogo, nikaona hawa wote hawajalelewa na mama yangu. Nikakaa chini, nikavua viatu, nikavua soksi, nikaingia ukumbini miguu mitupu. Kwetu nani anaingia ndani kwa mtu na viatu? Na mguu mtupu unashika sakafu kuliko kiatu chochote.

Mama wee, lile baridi! Liliniingia unyayoni likatokea utosini. Lakini sikutikisika.

Pani Jadwiga akaitazama miguu yangu. Kwenye kucha kulikuwa na hina ya harusi ya mwezi uliopita, imebaki nusu. Akaniuliza kitu, Darek akatafsiri: "Anauliza, kwenu mnafanya hivi siku zote?" Nikasema siku zote. Akatikisa kichwa polepole, akamwambia mzee na Darek wafanye kama mama huyu. Mzee Wilfred na tai yake akakaa kwenye ngazi kuvua soksi, na mimi nikageuka ukutani nicheke.

Siku ile tulifunga. Karatasi laini juu ya uso, fremu tukaizungushia pamba, kisha sanduku, skrubu kwa mkono, hakuna nyundo. Pani Jadwiga alitazama kila kitu kutoka kitini. Mchana akatuletea chakula. Nikamuuliza Darek kuna nguruwe humo? Akauliza, mama yule akakasirika kwamba anaulizwa, kumbe alishafikiri. Changu alikuwa amekipika mbali, kwa kabichi na uyoga. Ni sambusa zilizochemshwa, wallahi, na ni tamu. Tukila, akatueleza kuhusu sakafu. Baada ya vita ukumbi ule ulikuwa majivu. Baba yake alikuwa mmoja wa mafundi walioilaza upya, kipande kwa kipande, akipiga magoti, na yeye msichana alimletea chai. Ndipo nikaelewa kapu la makubadhi.

Sasa, kushusha. Ngazi za kasri lile ni za mbao, pana, zina nta vilevile, na katikati zinakata kona kwenye sakafu ndogo ya kupumzikia. Tukatembea njia nzima mikono mitupu. Tukavua pete. Tukashika pembe nne: Mzee Wilfred na Darek mbele, chini, upande wa uzito, mimi na kijana mmoja mlinzi wa kasri nyuma. Sauti ya mzee. Pani Jadwiga akasimama juu na mikono kifuani.

"Haya."

Sanduku likanyanyuka.

"Polepole."

Ngazi ya kwanza, ya pili. Miguu mitupu inanata vizuri. Nilikuwa naiona shingo ya mzee tu, na kola yake nyeupe. Tukafika kwenye kona, tukaingia kwenye ile sakafu ndogo, na nikahisi kitu mbaoni. Kwenye mzigo wa watu wanne unahisi kila mtu kupitia mbao. Ti ti ti. Kama kikombe.

Nilitaka kusema. Sauti si yangu. Nikang'ata mdomo nikamtazama shingoni, nikasema kimoyomoyo, mzee uliahidi, mzee uliahidi.

"Simama," akasema. Tukaganda. "Basi."

Tukaweka chini. Halikutoa mlio.

Mzee Wilfred akasimama wima, mkono wake wa kulia unacheza wenyewe hadharani, akauacha ucheze. Hakuuficha mfukoni. Akasema, "Mkono wangu umeisha. Sibebi tena." Darek akatafsiri ingawa hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mlinzi akatazama vidole vyake vya miguu. Nyinyi mnaona jambo dogo. Mtu mwenye jina lile, katikati ya ngazi za watu, safari yake ya mwisho, anasema siwezi. Mimi sijawahi kuona mtu jasiri kumzidi, na nimezaa watoto wanne bila sindano.

Sasa tumebaki watatu, ngazi ziko nusu, sanduku limekaa kwenye kona, lori linangoja na meli ya kuvukia ina saa yake. Kumpigia bosi simu Birmingham? Kungoja kesho? Darek anajikuna kichwa.

Tukasikia makubadhi yakishuka, sha, sha, sha. Pani Jadwiga akafika, akauliza mzee kasema nini. Akaambiwa. Akautazama ule mkono. Kisha akainama, akavua makubadhi, akavua viatu, akavua soksi zake ndefu huku anamwamuru Darek ageuke, akavipanga vyote pembeni ya ukuta. Pete yake ya ndoa ikagoma. Akailowesha kwa mate, akaizungusha, akaivuta, akaitia mfukoni.

"Pani Jadwiga, hapana," Darek akasema, "umri..."

Yule mama akamkatiza, na Darek akatutafsiria huku kainamisha kichwa. "Anasema baba yake hakuilaza sakafu hii ili sanduku lilale katikati ya ngazi kama ng'ombe. Anasema yeye amenyanyua magunia ya viazi humuhumu kabla mimi sijazaliwa. Anasema yeye atabeba, na huyu bwana aseme. Na anauliza, yale maneno mnayosema, ni yapi?"

Mzee Wilfred akageuka. Akanitazama. Nikamwambia, "Mfundishe."

Akamfundisha. Mjamaika wa Handsworth, ndani ya kasri la Polandi, anamfundisha Pani Jadwiga Kiswahili. Haya. Polepole. Simama. Basi. Mama yule akayarudia akiwa ameyakunjia uso, mara mbili mbili, na "polepole" aliitamka vizuri kuliko wajukuu zangu wawili ninaowajua kwa majina.

Akashika pembe ya mzee. Mzee akatangulia mbele yetu, akageuka, akawa anashuka kinyumenyume akitutazama sote, mikono yake yote miwili ameinyoosha mbele kama anatuita.

"Haya," akasema.

Na Bwana Sharubu akashuka ngazi zake. Polepole. Pani Jadwiga alikuwa na nguvu za punda, Mungu ampe zaidi. Tulipofika chini kwenye mawe, mzee akaangalia pembe zote nne, akahakikisha hakuna kidole chini, akasema, "Basi."

Likakaa.

Kisha mzee alilia. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa akalia na tai yake, na mimi nikalia, na Pani Jadwiga akatugombeza sote wawili kwa Kipolandi huku akimbusu mzee mashavuni. Mzee akaniambia, "Sijaangusha, Sista."

"Hujaangusha, Mzee."

Tulipoondoka Pani Jadwiga alimpa jozi ya makubadhi kutoka kwenye kapu. Birmingham, kabla hata hatujafungua sanduku, Mzee Wilfred alikwenda mwenyewe kwa bosi akamwambia habari ya mkono. Nadhani bosi aliona haya kumwondoa. Miezi iliyobaki mzee hakubeba hata kikombe. Alikuwa sauti tu, anatembea kinyumenyume mbele ya vitu, na hakuna kilichotushinda. Seif alikuja kumwona Bwana Sharubu ukutani. Akasimama mbele yake mikono nyuma, akasema, "Mkanda mzuri," akanunua kadi yake, na hajaniambia mpaka leo kwa nini.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu wa biriani. Nilikuwa nafunga maboksi tu.

Limebaki moja. Miaka michache baadaye Mzee Wilfred alifariki. Kanisa lao Handsworth lilijaa hadi nje. Mimi na Seif tulikaa nyuma kabisa, na shela langu. Bi Pearl aliniambia amemvalisha yale makubadhi, maana nyumbani alikuwa akiteleza nayo jikoni kumchekesha.

Ibada ikaisha. Wapwa zake sita wakanyanyua jeneza kulitoa. Vijana wazuri, suti mpya, wengine warefu kama milingoti na mmoja mfupi, na kila mmoja anasema lake. Wewe inua. Subiri. Kwako, kwako. Mlangoni kulikuwa na ngazi za mawe zimelowa mvua. Nikaona ncha ya mbele inazama. Nikaona saa ya mmoja inakwaruza mbao.

Kwetu wanawake hatuna kazi kwenye jeneza, najua. Seif alinishika shela, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"SIMAMA!"

Wallahi kanisa zima liligeuka. Mchungaji aliganda, wapwa wakaganda, na Bi Pearl akageuka taratibu. Yeye neno lile alilijua. Mumewe alilitumia hata wakihamisha kochi. Machozi yanamtoka na anacheka. Akawaambia wale vijana, "Msikilizeni huyo."

Nikawafanya waliweke kwenye meza yake tena. Nikawavua saa na pete, zote zikaingia kwenye mkoba wangu. Warefu nikawaweka mbele, upande utakaokuwa chini, mfupi nyuma. Nikatembea zile ngazi kwanza, mikono mitupu, nikamwondoa mtu mmoja mlangoni. Nikawafundisha maneno manne. Nikawaambia, mmoja anasema, wengine wanabeba, na leo anayesema ni mimi.

"Haya," nikasema.

Nikashuka kinyumenyume mbele yao, mikono nimeinyoosha, mvua inaniingia machoni. Polepole. Polepole. Mzee wangu akaja juu ya mabega sita, ametulia kabisa. Chini, wakamfikisha kwenye gari. Hakuna kilichogonga. Wote sita walikuwa bado wameshika, wananitazama mimi, wanangoja neno.

Nilichelewa kidogo kulisema, mnisamehe. Nilitaka tumshike kidogo zaidi.

Kisha nikasema, "Basi."